Tumtuzeje mshairi wa watoto?

"Shikamoo Mwalimu. Sisi ni walimu na wakutubi saba. Kuna mshairi mmoja tunayemfahamu ambaye amewaandikia watoto kwa zaidi ya miaka 30. Ana diwani nne za mashairi, na mashairi yake mawili watoto wanayaimba bila hata kujua kuwa kuna mtu aliyeyatunga. Nilipendekeza tumpe tuzo, tena iwe ya kila mwaka, kwa washairi wa watoto na wa vijana. Ugomvi ukaanza. Mmoja anasema hizo ni nyimbo tu, tuzo ipewe 'ushairi wenyewe'. Mwingine anataka watoto wapige kura, na wa tatu anasema watoto hawajui ushairi. Yupo pia anayeona bora tuandae mashindano ya vijana kuliko kumtuza mzee mmoja. Fedha tulizonazo zinatosha ngao na chakula cha watu wachache. Tuanzie wapi? Na kwenye ngao tuandike nini?"

Marahaba. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, lakini nikiisoma barua yako nzima naona hofu moja: kwamba mtafanya sherehe, mtapiga picha, halafu mshairi wenu atarudi nyumbani akiwa hajulikani vilevile kama alivyokuja. Una haki ya kuogopa. Niliwahi kuwa kwenye jopo lililofanya hivyo hasa. Tulimwita mshairi jukwaani, tukasoma wasifu wake, mgeni rasmi akahutubia kwa nusu saa juu ya faida za kusoma, ngao ikatolewa, watu wakapiga makofi. Tulipokuwa tunakunja viti ndipo nilipong'amua kwamba siku nzima hakuna mtu aliyesoma hata ubeti mmoja wa mashairi yake. Mimi nikiwemo, na mimi ndiye niliyeandika ratiba.

Kwa hiyo niruhusu nianze na sentensi uliyoipitia haraka: kwamba watoto wanaimba mashairi yake bila kujua kuwa yana mtunzi. Kiini cha shida kiko hapo, na ndicho kinachowatofautisha washairi wa watoto na wenzao. Shairi la watu wazima husafiri na kitabu chake. Anayelipenda amelikuta kwenye diwani yenye jina juu ya jalada, na akimsomea rafiki atasema ni la nani. Shairi la mtoto husafiri kwa mdomo. Mtoto analipata kwa mwalimu, mwalimu alilipata kwa mwalimu wake, na katikati ya safari hiyo jina hudondoka. Kisha anakuja mkusanyaji wa kitabu cha kiada, analikuta "liko tu", analichapa bila jina au anaweka "mapokeo". Kadiri shairi linavyofaulu, ndivyo mtunzi anavyofutika. Mshairi wa watu wazima husahauliwa akishindwa. Huyu wetu husahauliwa akishinda.

Mfano ni ule wimbo wa Kiingereza wa nyota inayometameta, ambao watoto wa mabara yote wameuimba. Ni shairi la Jane Taylor, lililochapishwa mwaka 1806, na lina beti tano, ingawa wengi hawajawahi kusikia wa pili. Ule wa Mary na mwanakondoo wake ni wa Sarah Josepha Hale, mwaka 1830. Waulize watu kumi waliouimba utotoni majina hayo mawili uone utapata majibu mangapi.

Basi kazi ya kwanza ya tuzo yenu ni kulirudisha jina kwenye shairi, na hiyo haihitaji bajeti. Tafuteni kila mahali mashairi yake mawili maarufu yanakotumika mnakoweza kufika: madaftari ya walimu, ubao wa maktaba, ratiba za sherehe za shule, vitabu vya kiada. Pasipo na jina, litieni. Pale mchapishaji alipolichapa bila jina, mwandikieni barua ya heshima mkiambatisha nakala ya ukurasa wa diwani lilikotoka na mwaka wa toleo. Halafu wafundisheni watoto kulitaja jina la mtunzi kabla ya mshororo wa kwanza, kila mara, mpaka liwe sehemu ya shairi lenyewe. Hili la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote niliyoandika hapa. Mtoto wa miaka 6 akizoea kutaja mtunzi kama anavyozoea kusema "paukwa, pakawa", jina halitadondoka tena njiani.

Wala msidhani muda umepita kwa walioondoka. Huko Japani alikuwepo mshairi Kaneko Misuzu, aliyefariki mwaka 1930 akiwa na miaka 26. Mashairi yake ya watoto yalitoka magazetini, kisha akasahaulika kabisa. Mwanafunzi mmoja, Yazaki Setsuo, alikutana na shairi lake moja, akaanza kumtafuta, na akatafuta kwa miaka 16 mpaka mwaka 1982 alipofikishwa kwenye madaftari matatu yaliyokuwa yametunzwa na mdogo wake Kaneko. Ndani yake mlikuwa na mashairi 512. Yalichapishwa miaka miwili baadaye, na leo watoto wa shule huko wanayasoma. Hakukuwa na tuzo wala jopo. Alikuwepo msomaji mmoja mkaidi. Nyinyi mko saba, na mshairi wenu yu hai.

Sasa mwenzako wa "nyimbo tu". Usimkasirikie, anasema kwa sauti kile ambacho majaji wengi wanakifikiri kimyakimya. Lakini amekosea mara mbili. Kwanza, shairi kugeuka wimbo hakulishushi hadhi. Mado Michio, Mjapani pia, alitunga shairi dogo la ndovu ambalo lilitiwa muziki, na karibu kila mtoto wa Japani analiimba. Mwaka 1994 alipewa Tuzo ya Hans Christian Andersen, ile itolewayo kila baada ya miaka miwili kwa kazi ya maisha ya mwandishi wa watoto, na hakuna aliyemwambia arudi na "ushairi wenyewe". Aliyetafsiri mashairi yake kwa Kiingereza alikuwa Malkia Michiko wa nchi hiyo. Kutafsiriwa nako ni tuzo, tena huwa inadumu kuliko ngao.

Pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio uwanja wangu, shairi la mtoto ni gumu kulitunga kuliko anavyodhani, na kwa Kiswahili ugumu wake una sura ya pekee. Lugha yetu inagawa vina bure. Karibu kila neno linaishia na irabu, na viambishi vyetu vinajirudia: ukitaka kina cha "-ni" bandika "-ni" kwenye maneno kama "shule" na "nyumba" au uwaamrishe watu wengi, "njooni, chezeni, someni", ukitaka cha "-ana" wafanye watu watendane. Mtu anaweza kujaza beti 20 kwa namna hiyo asiseme kitu. Watu wazima tunavumilia. Mtoto naye anaisikia sauti ileile ikirudi bila jipya, na masikio yake yanalala.

Kisha kuna ruhusa za kishairi. Mtunzi wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, akibanwa na mizani nane, yaani silabi nane, kila kipande cha mshororo, hukata neno, huliongeza au huboronga sarufi, na tunamsamehe, maana tunalijua neno kamili. Mtoto halijui bado. Analijifunza kupitia shairi hilohilo. Chukua kipande hiki: "kofia yangu nyekundu". Mizani nane, Kiswahili safi. Mtunzi akihitaji kina cha "-a" atageuza: "nyekundu yangu kofia". Mizani bado nane, kina kimepatikana, na mtoto wa miaka 5 amefundishwa kusema kama mtu anayetafsiri. Mshairi mzuri wa watoto huukataa mlango huo. Hulivunja shairi zima alianze upya mpaka neno lenye kina likae mahali ambapo lingekaa hata katika maongezi. Ukisoma diwani nne za mzee wenu, hesabu ni mara ngapi amegeuza mpangilio wa maneno kwa ajili ya kina. Ikiwa ni chache, mpe mwenzako penseli, mwambie atunge ubeti mmoja tu wa namna hiyo kuhusu kiatu kilichopotea. Nimewahi kuwapa zoezi hilo malenga wenye majina, na chumba kilikuwa kimya muda mrefu.

Kuhusu kura ya watoto, wenzako wawili wana nusu ya ukweli kila mmoja. Watoto wanajua ushairi. Wasichojua ni kuwa majaji. Ukiwapa karatasi ya kura watachagua shairi la kuchekesha, au la mwisho kusomwa, au lililosomwa na mwalimu wanayempenda. Sisemi kuchekesha ni kosa. Lakini shairi la mtoto aliyefiwa na paka wake halitashinda kura hata siku moja, na huenda ndilo ambalo mtoto mmoja atalikumbuka akiwa na miaka 40.

Njia ninayoiamini ni kuwaangalia badala ya kuwauliza. Majaji wazima wachague vitabu vitatu au vinne. Vikae darasani wiki tatu, mashairi yasomwe kwa sauti bila maswali ya ufahamu baada yake (tafadhali, msiulize "mshairi anatufundisha nini?"). Kisha acheni kabisa kwa wiki mbili. Mkirudi, waulizeni swali moja: nani anakumbuka kitu? Andikeni kila mstari utakaotoka, hata uliokosewa. Angalieni pia ni kurasa zipi zimechakaa. Hiyo ndiyo kura yao, na haina hila. Uingereza wana tuzo ya ushairi wa watoto iitwayo CLiPPA, iliyoanza mwaka 2003, ambayo ina utaratibu unaokaribiana na huu kwa moyo wake: shule husoma vitabu vilivyoingia kwenye orodha ya mwisho, watoto hughani mashairi wanayoyapenda, na baadhi yao hupanda jukwaani siku ya tuzo. Majaji ni watu wazima, lakini shairi halifiki jukwaani kabla halijapita kinywani mwa mtoto.

Umetaja "watoto na vijana" kana kwamba ni wasomaji wa aina moja. Hapo nakuomba mtulie. Mtoto wa miaka 7 anataka kibwagizo kirudi. Kijana wa miaka 15 akisikia kibwagizo anahisi anachezewa. Mtoto anaruhusu shairi limwambie anawe mikono. Kijana akinusa mawaidha anafunga kitabu. Anachotafuta ni mtu aliyekubali kwamba mambo fulani yanauma na hayajapata jibu, na mara nyingi anakitafuta kwenye mashairi huru, au mashairi ya kusemwa jukwaani, au riwaya iliyoandikwa kishairi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2015 medali ya Newbery, ambayo imekuwa ikitolewa Marekani tangu 1922 kwa kitabu cha watoto, ilikwenda kwa Kwame Alexander kwa riwaya ya namna hiyo, ya ndugu mapacha wanaocheza mpira wa kikapu. Ukimweka mshairi wa aina hiyo kwenye mizani moja na mtunzi wa shairi la ndovu, jaji atalinganisha chungwa na kisu. Ama gaweni tuzo mbili, ama mpokezane: zamu hii watoto, zamu ijayo vijana. Kwa mfuko wenu, mpokezane.

Na hiyo inajibu pia suala la kila mwaka. Msiahidi kila mwaka. Baraza la walimu wa Kiingereza la Marekani lilianzisha mwaka 1977 tuzo ya mshairi aliye hai kwa jumla ya kazi yake kwa watoto wa miaka 3 hadi 13. Wa kwanza alikuwa David McCord. Ilitolewa kila mwaka hadi 1982, kisha ikawa kila baada ya miaka mitatu, na tangu 2009 ni kila baada ya miwili. Hilo ni baraza kubwa, lenye wanachama nchi nzima, na bado halikuendelea na mwendo wa kila mwaka. Tuzo ya kazi ya maisha inahitaji watu waliokwisha kuishi hayo maisha, na hawazaliwi kila Januari. Ukijilazimisha, mwaka wa nne utajikuta unamtuza mtu kwa sababu tarehe imefika.

Kuhusu mashindano ya vijana kuandika, hilo ni jambo jema lakini ni jambo lingine. Mashindano yanamtafuta mshairi wa kesho. Tuzo inamshukuru wa jana na leo. Ukivichanganya, mzee atageuka pambo kwenye sherehe ya vijana. Kama mwenzenu ana hamu nayo, fanyeni mwaka unaofuata, na mzee awe msomaji wa kwanza wa kazi zao, alipwe kwa muda wake. Nimeandika "alipwe" kwa makusudi. Washairi wa watoto huombwa "waje tu kuwasalimia watoto" mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua katika fani hii, na nauli huwa juu yao.

Basi, fedha. Kama mfuko unatosha ngao na chakula, ningepunguza chakula. Mara nyingi nakala 20 za diwani yake zilizonunuliwa, si zilizoombwa, zina maana kwake kuliko hotuba yoyote, kwa sababu zinabaki rafuni na zinamwambia mchapishaji kwamba kitabu kinatembea. Kama diwani zimekwisha madukani, jambo ambalo ni la kawaida, kamrekodini akighani mashairi yake mwenyewe. Simu ya mkononi na chumba chenye mapazia mazito vinatosha. Sauti ya mtunzi inahifadhi mapigo ambayo karatasi haiwezi, hasa pale anapovuta irabu au kunyamaza. Pakiwa na kidogo zaidi, kimpeni taslimu ndani ya bahasha, faraghani.

Yapo mambo matatu ambayo ushauri wangu kwenye karatasi hautoshi. La kwanza ni hakimiliki. Kurekodi kwa matumizi ya maktaba yenu mkiwa na idhini yake ya maandishi si shida kubwa, lakini kabla ya kuchapisha mkusanyo au kuweka rekodi mahali pa umma, kaeni na wakili pamoja na mkataba wake wa zamani na mchapishaji. Huenda haki fulani aliziuza bila kujua, na mnaweza kumtia matatani mkidhani mnamheshimu. La pili ni usalama wa watoto. Mgeni yeyote, hata awe babu mpendwa kiasi gani, asiachwe peke yake na watoto, na picha zao zisitumwe popote bila ruhusa ya wazazi. Muulizeni mkuu wa shule taratibu zilizopo mzifuate. La tatu linahusu hayo mashindano ya vijana. Mkifungua sanduku la mashairi, kati ya makumi yatakayokuja litakuwemo moja au mawili ambayo si mazoezi ya sitiari. Kijana ameandika kwamba anapigwa, au kwamba hataki kuendelea kuishi. Shairi hilo msilipe alama, msilisome jukwaani, wala msingoje hadi siku ya matokeo. Siku hiyohiyo mtu mzima anayemwamini azungumze naye ana kwa ana, na mshauri nasaha au daktari ahusishwe. Mpangeni mtu huyo kabla ya kupokea shairi la kwanza.

Umeuliza muanzie wapi. Anzeni kwa mzee mwenyewe, kabla ya kukubaliana lolote kati yenu. Nendeni wawili, si saba. Muulizeni kama anaitaka tuzo. Wapo wasiopenda jukwaa, na wapo ambao afya haiwaruhusu. Muulizeni pia ni shairi gani anadhani limepuuzwa. Kila mshairi analo, na karibu kila mara si lile maarufu. Siku ya tuzo watoto waghani yale mawili yanayojulikana, halafu mmoja asimame alighani hilo.

Na kwenye ngao: jina lake kamili, bila vyeo, na chini yake mshororo mmoja wa kwake ambao watoto waliukumbuka baada ya zile wiki mbili. Jina la kikundi chenu liende nyuma. Fundi atawaambia nafasi ni ndogo, lakini mizani kumi na sita huenea vizuri katika mistari miwili.